Balenieri Yetu ya Mita Moja na Nusu

Mkipita Kamina Jumapili alasiri, mkafika mpaka bwawa la samaki lililo nje ya mji, msishangae kuona watu wazima wamesimama ukingoni, kila mmoja ameshika kisanduku chenye vijiti viwili, macho yao majini, wala hawasemi neno. Hawavui samaki. Wanashindanisha mashua.

Mashua hizo hazina mtu ndani. Huongozwa kutoka nchi kavu kwa mawimbi ya redio, yale ambayo wazee wetu waliyaita simu ya upepo. Wala si vitu vya kuelea katika beseni. Iliyo ndogo kabisa ina urefu wa mita moja, na ile kubwa, ambayo ndiyo habari yetu ya leo, ina mita moja na nusu, na ikisha kupakiwa shehena yake yote hubebwa na watu wawili, maana uzito wake wapita kilo 12.

Watu hutuuliza, "Mwalimu, wewe uliyekaa seminari miaka mingi, unayefundisha watoto dini, huna kazi nyingine ila kucheza na mashua?" Swali hilo si baya, na anayeuliza si adui. Mama mmoja alituuliza hivyo mbele ya kanisa, watu wakisikia, tukamwambia, "Mama, njoo uone, kisha uhukumu." Hakuja. Basi tunamwandikia yeye na wengine walio kama yeye.

Kamina ni mji wa reli. Kutoka hapa njia moja yaenda Bukama na Lubumbashi, ya pili yaelekea Ilebo, ya tatu yapanda mpaka Kabalo. Ziwa hatuna, wala mto wa kupitisha meli. Lakini samaki wakavu wanaouzwa sokoni kwetu hutoka katika maziwa ya mto Lualaba, Upemba na Kisale na mengineyo, na kabla ya kufika kwetu wamesafiri kwanza katika balenieri. Kwa msomaji asiyeijua: balenieri ni mashua ndefu ya mbao, nyembamba, yenye mashini nyuma, nayo huchukua vyote pamoja, magunia, mapipa ya mafuta, mbuzi, baiskeli na watu. Watu ndio hupakiwa mwisho, tena juu ya magunia. Jamaa nyingi za kando ya Lualaba zina mtu aliyelala majini kwa sababu hiyo, na vijana watatu wa kikundi chetu ni wa jamaa hizo.

Jambo lenyewe lilianza na motoka za waya. Kila mtoto wa Katanga anajua kukunja waya na bati la kopo mpaka itoke motoka yenye usukani. Kijana wetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Lubumbashi alirudi na kisanduku cha redio cha njia sita, akitaka kukitia katika lori la waya. Mchanga wa njia zetu ukamshinda, lori likazama mpaka ekseli. Mzee mmoja, seremala aliyetengeneza mabehewa maisha yake yote, akamwambia, "Mwanangu, kama kitu chako kinapenda kuzama, kitie majini kabisa." Watu walicheka sana. Juma lililofuata mzee yule alikuja na mbao nyembamba za tiripleksi na gundi, akauliza tumeamua kujenga nini.

Yafaa tuseme kwamba mashua ndiyo chombo cha kwanza kabisa kilichoongozwa kwa redio mbele ya watu. Ilikuwa mwaka 1898, mjini New York, katika jumba la Madison Square Garden. Bwana Nikola Tesla aliweka mashua ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita moja katika bwawa, akaiamuru kutoka mbali igeuke na kuwasha taa zake. Watazamaji wengine walidhani ni uchawi, wengine wakasema kuna tumbili aliyefunzwa amefichwa ndani. Tarehe 8 Novemba mwaka huo huo serikali ya Marekani ikampa hati ya uvumbuzi. Hapa Kamina, baada ya miaka zaidi ya 120, bibi mmoja jirani wa bwawa alisema maneno hayo hayo, ila yeye hakusema tumbili, alisema paka.

Tangu Tesla mchezo huo umekua. Huko Ulaya wajenzi wa mashua za mfano waliunda muungano wao, Naviga, mwaka 1959. Marekani wako wanaofunga katika mashua zao mashini ndogo za petroli za namna ya zile za kukatia majani, zenye ujazo wa sentimita 26, na mashua za mbio kabisa hupita kilomita 100 kwa saa, zikizunguka maboya upande wa kulia kama mkono wa saa. Na kwa ndugu zetu wa pwani, Lamu na Unguja, watoto huchonga ngalawa ndogo, wakazitia tanga la kitambaa au la nailoni, wakashindana ufukoni. Redio hawana, upepo ndio huwaendeshea. Sisi twaona watoto hao wana akili kuliko wengi wenye mashini, maana upepo haudanganywi na fedha.

Vijana wetu walikuwa wameona mashua za Marekani katika simu zao, na walitaka mbio. Mzee alitaka balenieri. Wakabishana majuma mawili. Mwisho wakajenga zote mbili, na sisi hatukuzuia, kwa kuwa kijana asiyejenga anachokipenda hajengi vizuri. Mashua ya mbio ilikuwa nyepesi, tumbo lake bapa, nayo ikikaza mwendo huinuka juu ya maji na kuteleza, karibu yote hewani. Ni furaha kuitazama. Lakini haifundishi neno lolote juu ya mto wetu, maana Lualaba hakuna chombo cha mizigo kiendacho hivyo.

Balenieri ndiyo iliyotufundisha. Na hapa twaomba wasomaji wavumilie hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu hiyo mashua ya mfano ni pambo la mezani tu.

Tulikwenda Bukama, tukapima kwa kamba balenieri ya kweli: urefu mita 15, upana mita 2.80, kimo cha ubavu sentimita 90. Tukagawa kila kipimo kwa kumi. Mtu hudhani kwamba vitu vyote vimekuwa sehemu ya kumi, kumbe sivyo. Uzito haugawanywi kwa kumi, hugawanywa kwa elfu, kwa kuwa urefu umepungua mara kumi, upana mara kumi, na kina mara kumi. Mtu wa kilo 60 anakuwa gramu 60. Gunia la mihogo la kilo 100 linakuwa gramu 100. Chombo chenye tani 12 kinakuwa kilo 12. Na mwendo nao una sheria yake. Bwana William Froude, mwingereza, alijenga bwawa refu mjini Torquay katika miaka ya 1870, akawa anavuta humo meli ndogo alizozitengeneza kwa nta. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba mashua ya mfano hufanya mawimbi sawasawa na ya mashua kubwa ikiwa tu mwendo wake umegawanywa kwa kipeo cha pili cha ule upungufu wa urefu. Kwa kumi, kipeo hicho ni 3.16. Kwa hiyo balenieri iendayo kilomita 9 kwa saa mtoni, ile yetu lazima iende kama kilomita 2.8, yaani mwendo wa mzee atembeaye akitoka misa.

Vijana walihuzunika waliposikia hivyo. "Yaya mwalimu, hiyo si mbio!" Tukawaambia wasubiri.

Sheria hiyo yaeleza pia kwa nini tunajenga mashua kubwa. Wimbi la nusu mita katika ziwa Upemba linakuwa wimbi la sentimita tano bwawani, na upepo wa alasiri waweza kuinua wimbi kama hilo. Lakini mfano wa sentimita 30 ungetaka wimbi la sentimita moja, na hilo si wimbi tena, ni mtikisiko wa ngozi ya maji. Mashua ndogo mno hurukaruka kama kizibo, haina uzito wa kuhisi jambo. Ile ya mita moja na nusu hulala, hufikiri kidogo, kisha huinuka. Anayeijua balenieri ya kweli akiiona hunyamaza.

Kuijenga kulichukua miezi minne. Mkuku wa mti mgumu, mataruma 21, kisha mbao nyembamba zilizolowekwa katika maji moto ili zipinde bila kuvunjika. Nje tulipaka resini juu ya kitambaa cha faiba. Mzee hakuipenda resini kwa sababu ya harufu yake, akasema mashua ya kweli hukalafatiwa kwa nyuzi na lami, nasi tukamwambia kwamba nyuzi zilizogawanywa kwa kumi hazipatikani sokoni. Ndani kuna mota ya umeme, na kidude cha kuamuru mwendo, na usukani unaovutwa na mkono mdogo wa umeme. Shafti ya rafadha hupita katika mrija uliojazwa grisi, ili maji yasiingie. Nyuma ya rafadha tuliweka kijibomba kinachochota maji yanayosukumwa, yakapita kuipoza mota, yakatokea ubavuni. Ukiona maji hayatoki ubavuni, rudisha mashua upesi. Na waya ya kupokea redio lazima iwe juu, mbali na maji, kwa maana mawimbi ya namna hiyo hayapenyi majini. Waya ikilowa, mashua haisikii tena amri, huenda zake kwenye matete.

Beteri ni habari nyingine. Ni za lithiamu, nazo ndani yake, kwa desturi, mna kobalti pia. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi yetu, Kolwezi na kandokando yake, na akiba kubwa ya lithiamu iko Manono, si mbali sana nasi. Basi jiwe la jirani huvuka bahari, hurudi limefungwa katika karatasi ya kung'aa, nasi twalinunua kwa bei iliyotufanya tunyamaze dukani kwa kitambo. Hatusemi zaidi. Ila twawaonya vijana: beteri hizo zikijazwa kupita kiasi, au zikitobolewa, huwaka moto usiozimika upesi. Hujazwa nje, juu ya tofali, na mtu akiwa karibu, wala si chini ya kitanda usiku.

Sasa watu. Balenieri isiyo na watu ni uongo. Watoto wa mafundisho walichonga watu 40 wa mti mwepesi, wameketi, na katika kila mmoja tukapigilia misumari mpaka mizani ya dukani ikaonyesha gramu 60. Wamama wa parokia walishona vigunia 60, wakavijaza mchanga, gramu 100 kila kimoja. Mmoja wa wamama hao alimvika mtu wa mti kitambaa chekundu kichwani, akasema, "Huyu ni mimi." Baada ya hapo kila mtu alitaka kuwa na mtu wake.

Na hapa ndipo redio ilipofanya kazi ambayo kamba haiwezi. Kisanduku chetu kina njia sita: moja ya usukani, moja ya mwendo, na nyingine zilikuwa bure. Kijana yule wa Lubumbashi alitengeneza ubao unaoteleza, akawaketisha watu wote 40 juu yake, akaufunga kwa mkono mwingine wa umeme wenye nguvu. Ukisukuma kijiti cha tatu, abiria wote huhamia upande mmoja, kama wafanyavyo watu wa kweli wakiona pwani, au wakisikia kelele, au mtu akipiga yowe kwamba kuna kiboko.

Tulijaribu kwanza bila watu, vigunia vyote sakafuni: chombo kilikaa imara, ukingo ukiwa juu ya maji kwa sentimita nne, yaani sentimita 40 mtoni. Kisha tukapanga watu chini, kati ya vigunia, tukasukuma kijiti. Watu wakahama sentimita kumi. Balenieri ikainama, ukingo ukakaribia maji, ukasimama. Hakuna tone lililoingia. Kisha tukawaketisha watu wale wale juu ya vigunia vile vile, uzito ule ule mpaka gramu ya mwisho. Ikaenda vizuri. Ikapinda boya vizuri. Mtu asiyejua angesema ni salama kabisa. Kijana akasukuma kijiti. Ikainama, ukingo ukagusa maji, maji yakaingia, na maji yale yakakimbilia upande ulioinama, yakaongeza uzito palepale. Kabla hatujahesabu tatu tumbo lake lilikuwa juu.

Watu 40 wa mti wakaelea bwawani. Watoto walikuwa wakicheka mpaka wakati huo, kisha hawakucheka tena. Mmoja wa wale vijana watatu tuliowataja aliingia majini na nguo zake, akawaokota mmoja mmoja, hakutaka kusaidiwa.

Jambo hili si la Lualaba tu. Tarehe 20 Septemba 2018, huko Tanzania, feri ya MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika ziwa Victoria, ikiwa imejaa kupita kiasi. Watu zaidi ya 220 walikufa. Tarehe 3 Oktoba 2024, katika ziwa Kivu, MV Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakitazama. Angalieni: vyombo vyote viwili vilikuwa karibu kufika. Msafiri aonapo pwani huinuka, huchukua mzigo wake, hutafuta mlango. Mizigo iliyo juu na watu walio juu yake vimeingoja saa ile tangu bandari ya kwanza.

Wakubwa wa dunia nao hujifunza kwa mashua ndogo. Kule Ufaransa, mahali paitwapo Port Revel, tangu mwaka 1967 manahodha wa meli kubwa kabisa, za mafuta na za makontena, huenda kukaa ndani ya meli za mfano zilizogawanywa kwa 25, wakajifunza kufunga gati katika ziwa dogo msituni. Kwa kuwa kipeo cha 25 ni tano, mambo yote huko hutokea upesi mara tano, na nahodha hana nafasi ya kuota. Hakuna anayewauliza kama hawana kazi nyingine. Na alama ile iliyochorwa ubavuni mwa meli zote, ya kuonyesha mwisho wa kupakia, imekuwa sheria ya Uingereza tangu mwaka 1876, kwa kuwa Bwana Samuel Plimsoll, mjumbe wa bunge lao, aliona aibu kwa ajili ya mabaharia waliozamishwa kwa faida ya watu. Nasi tulichora mstari mwekundu ubavuni mwa balenieri yetu.

Basi tukabadilisha mashindano. Mbio za kasi ziko bado, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa furaha ya vijana. Lakini Jumapili ya tatu kuna mbio za shehena. Kila mashua hupakiwa kwa kiasi cha ukubwa wake, huzunguka maboya manne mara tano, na katikati ya safari mwamuzi hupiga filimbi bila kuonya. Filimbi ikilia, kila nahodha husukuma kijiti cha tatu, na abiria wake wote huhama. Anayeshinda ni aliyefika kwanza na magunia makavu. Mwanzoni vijana walijaribu kuiba ushindi: mmoja alimimina risasi za kuvulia chini ya mkuku, zikawa farumi, mashua yake haikuinama hata kidogo. Tukapima uzito, tukakuta umezidi, mstari wake mwekundu uko chini ya maji. Alijitetea kwa ufasaha. Mzee akamwuliza, "Risasi hizo, mwanangu, mtoni atazilipia nani, na samaki gani utawaacha pwani ili uzipakie?" Akazitoa.

Swali hilo la nani atalipa ndilo gumu kuliko hesabu za Froude, na lilituijia siku alipokuja baba mdogo wa kijana mmoja, nahodha wa balenieri ya kweli afanyaye safari kati ya Bukama na Malemba-Nkulu. Alikuja Kamina kwa matanga. Alitazama mbio mbili, mikono nyuma, hakusema kitu. Kisha akaomba tupakie mashua kama apakiavyo yeye. Akapanga vigunia mwenyewe, kwa haraka ya mtu aliyezoea, mapipa ya mafuta nyuma sakafuni, magunia mpaka juu ya ukingo, watu juu. Mstari mwekundu ukazama. Akatazama mstari, akatazama kijiti mkononi mwa mwana wa ndugu yake, akasema, "Usisukume."

Hakusukuma.

Tukaketi naye mpaka giza. Alisema kwa adabu, lakini alisema yote. "Mwalimu, mimi si mjinga. Najua inavyoinama, naihisi katika miguu. Lakini mafuta ni bei ile ile nikibeba watu 20 au 40. Nikiacha watu 20 pwani, mwenye chombo atanifukuza, na atakayekuja nyuma yangu atawabeba wote 40, tena hajui mto kama mimi." Hatukuwa na jibu la kumpa, na hatukujifanya kuwa nalo. Tulichoweza kusema ni hiki tu, ambacho mashua ilikuwa imetuonyesha: watu wale wale, magunia yale yale, uzito ule ule, lakini watu chini na magunia mepesi juu, haikupinduka. Hapo hakuna faranga iliyopotea. Alifikiri. Akasema watu hawatakubali kukaa chini, kuna maji ya ngama na joto na harufu ya samaki, tena juu kuna upepo, na wenye kukaa juu ndio hulipa vizuri. Kisha akatuomba tuilete Bukama.

Mashua kupanda gari la moshi kwenda Bukama si jambo jipya katika nchi hii. Mwaka 1915, wakati wa vita, waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kila moja ya mita 12, kutoka Cape Town kwa reli mpaka Fungurume. Zikakokotwa milimani kwa mashini za moshi na kwa ng'ombe mpaka Sankisia, zikapanda tena gari la moshi mpaka Bukama, zikateremka Lualaba kwenda kupigana ziwa Tanganyika. Maji yalikuwa machache, wakazifunga mapipa ubavuni ili ziinuke. Yetu ilisafiri kwa amani zaidi, imefungwa katika blanketi. Ubishi ulikuwa mmoja tu, kama ilipe nauli ya mzigo au ya mtu, na mzee akasema, "Ina watu 40 ndani, usimkumbushe."

Pwani ya Bukama asubuhi ni soko, bandari na baraza pamoja. Tuliiweka majini kando ya balenieri ya nahodha, mama na mtoto wake, na watu wakajaa, wapakizi, wavuvi, wamama wa samaki wenye vikapu. Tulipakia kama wapakiavyo wao. Kijana akaiendesha mpaka mita 15 kutoka ukingoni, akatutazama, tukaitikia kwa kichwa, akasukuma kijiti. Ikapinduka. Kelele zilikuwa kubwa, kisha zikaisha zote kwa mara moja.

Mama mmoja wa samaki, mtu mzima, alikunja kitenge chake, akaingia maji mpaka magotini, akamwokota yule mtu wa mti mwenye kitambaa chekundu. Akamkausha kwa ncha ya kitenge. Akatuuliza, "Baba mwalimu, huyu alikuwa ameketi wapi?" Tukamwonyesha, juu ya magunia, upande wa kushoto. Akasema, "Ni mahali pangu." Tukaikausha mashua, tukapakia tena, safari hii watu chini. Mama mwenyewe akamweka wake sakafuni, kati ya vigunia viwili, akamgandamiza kidogo ili akae vizuri. Kijiti kikasukumwa. Balenieri ikainama, ikakaa hivyo imeinama, ikarudi.

Mama akamgeukia nahodha, mbele ya watu wote, akamwuliza mahali pale chini ni bei gani.

Nahodha alikuna kichwa. Akasema mahali pale huweka mapipa ya mafuta.

"Mapipa yana watoto?" mama akauliza.

Watu wakacheka, na nahodha naye akacheka, ila kidogo. Kisha akawaita wapakizi wake wawili, wakaingia ndani ya balenieri ile kubwa, wakaanza kuviringisha mapipa kwenda nyuma zaidi, ili waone kama nafasi itatosha.